Ndevu za babu zimelaza mizani

Koboko

Mama Zaitun, mke wangu, salamu za mtu aliyeshiba kisra na mchuzi wa bamia tangu ashuke basi. Binti yetu mzima.

Leo mjukuu ametimiza siku saba. Wamemnyoa ili nywele zipimwe na uzito wake tuutoe sadaka kwa fedha. Muuza chumvi wa jirani akaleta mizani. Haikutikisika! Mtoto ana kipara changu. Nikafurahi kimoyomoyo: pesa ya sabuni uliyonifungia kwenye leso itarudi nyumbani Oli nzima.

Mama mkwe wa Zaitun akadakia, "Wapi! Nywele ya mutoto iko kwa kidevu ya babu yake. Leta wembe!"

Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikakaa kwenye kigoda. Unajua nilivyozienzi ndevu zile tangu nistaafu, baada ya miaka yote ya kunyoa kwa amri ya jeshi. Mizani ikalala, sabuni yetu ikaenda kwa maskini, na sijacheka hivyo siku nyingi.

Mtoto amepewa jina lako. Jumamosi ukiona mzee mwenye kidevu cheupe mlangoni anaomba maji ya kuoga, bila sabuni, usimfukuze. Ni wako.

Baba Zaitun