Bunduki ya Babu Ilivyofika kwa Fundi

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto mko wazima. Sisi hatujambo, ila kumbukumbu za Baba zinazidi kumtoka. Juzi aliniita kwa jina la shangazi, nikaitika tu. Kubishana naye ni kutwanga maji.

Ulisema hutawaleta watoto maadamu bunduki ya babu iko pale ukutani sebuleni, ijapokuwa wewe ndiye mrithi wake. Sikukulaumu. Bunduki na mzee anayesahau havikai nyumba moja. Lakini Baba unamjua, ukiigusa umemgusa mboni ya jicho. Kila asubuhi huifuta, kisha huniuliza wajukuu wanafika lini. Swali hilo lilinichosha moyo, nikaamua kutumia ujanja.

Nilimwambia naipeleka kwa fundi wa bunduki ikatiwe mafuta. Nikaifunga kwa shuka na kuipakia kwenye teksi, nimeikumbatia kama mgonjwa. Nia yangu ilikuwa fundi aiue kimyakimya, ibaki pambo. Fundi akaifungua, akachungulia, akacheka. Alisema kazi hiyo ilishafanywa zamani: kile kipini kinachogonga risasi hakimo, na tundu lake limeziba kwa kutu.

Kaka, hii ndiyo bunduki ambayo Baba alitoka nayo wezi walipotuvamia, akakohoa tu wakatimua mbio. Kumbe alishika gongo lenye mkanda!

Niliporudi nilimuuliza. Akafunga mlango kwanza. Alisema kipini alikitoa mwenyewe akakitupa chooni, na hata Mama hakumwambia, maana bunduki ikijulikana kibogoyo, nyumba nzima imevuliwa nguo. Kisha akanishika mkono, akaniomba nimkanye fundi asije akakirudisha. Alisema humu ndani kuna mtoto ameanza kutambaa, wa kiume, mtundu kweli, hakuna kitu asichokigusa.

Mimi wakati huo sikuwa nimezaliwa. Mtoto huyo ni wewe, kaka. Nililia, naye akadhani fundi amenitukana.

Siri hii iishie kwako. Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwaambie shangazi yao anawatandikia vitanda. Njooni upesi. Baba bado ana hofu utajiumiza.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo