Bibi Kuang Kanipa Mbili

Lanxi weee, leo nimeumbuka, sijui nicheke au nilie.

Si unaijua ile kazi yangu ya kuwahoji wazee kuhusu furaha yao? Nimemkuta Bibi Kuang na wenzake watatu uani wanacheza mahjong. Nikamuuliza, "Bibi, maisha yako unayapa ngapi kati ya kumi?"

"Tisa!"

Mwenzake mmoja, Bibi Ruan, akadakia: "Tisa ya wapi? Mwanao yuko Shenzhen, tangu Mwaka Mpya hajatia mguu hapa! Mwandikie sita."

SITA! Wakaanza kuvutana kama wako sokoni, mimi nafuta, naandika, nafuta tena 😩

Nikakimbilia swali la pili: "Wiki iliyopita umekula peke yako siku ngapi?"

"Hata moja. Na wewe je?"

Shoga, si likanitoka tu kabla sijafikiri: "Saba."

SABA, nimesema mbele ya watu!

Wote wanne wakaacha kucheza, wakanitazama. Bibi Kuang akaninyang'anya kalamu, akachukua fomu mpya, akaandika jina langu, na mbele yake: mbili.

"Jumapili njoo tule tambi za pilipili," akasema. "Ukishiba nitakupima upya."