Farasi Ana Jina, Mpagazi Hana

Shikamoo Bibi,

Ile ngome tuliyoichagua mimi na wewe pale nyumbani Ng'ambo, kwenye picha ya kalenda, ndiyo hii iliyo mbele ya kadi hii. Nimeiona leo. Mto Rhine unapita chini yake, mvua inanyunya, na kilima ni kikali hata mbuzi angepumzika njiani.

Kijana anayetembeza wageni alitusimulia habari za bwana wa ngome, mkewe, hata farasi wake tukatajiwa jina! Nikamuuliza, "Na haya mawe yote, nani aliyapandisha huku juu?" Akacheka. Akasema hajawahi kuulizwa hilo, labda wanakijiji tu.

Wanakijiji tu! Bibi, damu ilinichemka. Nikamwambia kwamba Wajerumani walipojenga boma kwetu Tabora, mawe aliyabeba Kasanda, babu yako wewe, mpaka nywele za utosini zikakataa kuota, na nyumbani kwetu kila mtoto analijua jina lake.

Eti akaniuliza, "Alikuwa chifu?"

"Mpagazi!" nikamjibu, mpaka wageni wote wakageuka.

Sasa nimekaa mgahawani, supu ya viazi imepoa na hasira bado ya moto.

Kunywa dawa yako ya kifua, ujifunike vizuri asubuhi, nakupenda sana. Ila wale wenzake Kasanda waliobeba mawe naye, siku hizi majina yao unayajua wewe peke yako. Anza kuwakumbuka mmoja mmoja, Bibi. Nakuja na kalamu.

Mjukuu wako,
Mwajuma