Namba Nyuma ya Ekzosi

Cleckheaton
4 Machi 2012

Kwa binti yangu Hester,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, unakula, na hulali ofisini. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako anauliza kama keki ya tangawizi ya Krismasi uliila mwenyewe au uliwagawia wenzako. Mjibu vizuri, ana kinyongo.

Sasa habari yenyewe. Gari ninaloliunda limekamilika. Cheka tu. Mama yako anasema miaka kumi na moja ingetosha kujenga kanisa kuu la York. Nimemwambia lile lilikuwa na mafundi wengi, mimi ni dereva mstaafu wa gari la mikate. Lakini ukiliona bodi lake la faiba, kijani kibichi, utaapa ni lile la mashindano ya zamani lenyewe na si nakala.

Ukaguzi ni tarehe thelathini. Wataangalia breki, taa, hata ukali wa ukingo wa kila bati. Kinachonitia hofu ni moshi. Injini iliyotengenezwa kabla ya Agosti 1992 hupimwa kwa huruma. Iliyotengenezwa baadaye ni lazima iwe na kichujio cha moshi, na mimi sina. Aliyeniuzia aliapa ni ya mwaka 1989, ila wakaguzi wanataka barua ya mtaalamu. Namba ya injini imegongwa nyuma ya ekzosi, lile bomba la moshi. Nimeingiza kioo cha mama yako cha kujipodolea, nikaona grisi na pua yangu.

Wewe ndiyo kazi yako, kupima moshi wa injini. Njoo Jumamosi moja uisome, kisha uandike barua. Hujafika nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Ni mimi baba yako,
Wilfred

*

Coventry
9 Machi 2012

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi. Mwambie mama keki niliila yote.

Barua hiyo nimeiambatanisha, ina nembo ya maabara yetu na saini yangu. Imeandikwa kwamba nimeikagua injini na ni ya mwaka 1989. Hakuna haja ya mimi kuja, injini za aina hiyo nazijua. Jumamosi zangu zimejaa mpaka mwezi wa tano.

Kila la heri kwenye ukaguzi.

Mwanao,
Hester

*

Cleckheaton
2 Aprili 2012

Hester mwanangu,

Habari za huko? Sisi salama. Keti kwanza.

Tulikwenda, gari juu ya trela, na wenzangu sita wa klabu ya magari nyuma yetu kama tunapeleka bibi harusi. Breki, imepita. Taa, zimepita. Mkaguzi, bwana mmoja mwenye kalamu sikioni, akapitisha kidole kwenye kila ukingo, akasema, "Mzee, umelikwangua hili kuliko mama anavyomkwangua mtoto masikio."

Kisha akaliinua kwa winchi, akachukua kitambaa na tochi, akafuta nyuma ya ekzosi. Akaisoma namba, kisha barua yako.

"Mzee, injini yako ina vyeti viwili vya kuzaliwa. Barua inasema themanini na tisa. Chuma kinasema tisini na nne."

Aliyeniuzia aliniongopea, na mimi nilimwamini. Hilo ni langu. Lakini akauliza, "Huyu aliyeandika kwamba ameikagua, ni nani wako?"

Nikasema ni binti yangu. Nikasema hana kosa: nilimwonyesha injini nyingine, ya rafiki yangu Cyril, nikamdanganya ndiyo yangu. Cyril alikuwa amesimama palepale. Alinitazama, halafu akatazama viatu vyake.

Nimeyaandika hayo na kutia saini. Wakikupigia ofisini, sema hivyo hivyo. Mimi nimestaafu, hakuna wa kunifukuza. Wewe una maisha mbele.

Mama yako sijamwambia.

Baba yako

*

Coventry
5 Aprili 2012

Baba,

Shikamoo. Bi Pargeter, mkuu wangu, aliniita jana. Nilisema kama ulivyosema.

Asante.

Hester

*

Cleckheaton
13 Mei 2012

Binti yangu,

U mzima? Wiki tano kimya. Nadhani barua zimepotea, siku hizi posta wanatembea kama mimi.

Huku si vibaya. Bustani imechanua. Wale wa klabu wameniomba nirudishe ufunguo wa kabati la zana. Walikuja wawili, kwa adabu, wakanywa chai. Eti klabu inatoa vyeti vya umri wa injini, na haifai ufunguo ukae kwa mtu ambaye, unajua. Nilikuwa nao miaka kumi na tisa. Nimeshangaa mfuko unavyokuwa mwepesi.

Cyril hapiti tena njia ya kwetu. Usijali, alikuwa anamaliza biskuti.

Andika hata mstari mmoja.

Baba

*

Coventry
20 Juni 2012

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kukuamkia, lakini shikamoo. Natumaini goti linapoa na mama hajambo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, kwa sababu kila mara nilikuwa najitetea.

Sikuisoma namba ile. Sikujua mwaka wa injini yako. Niliandika "nimeikagua kwa macho yangu" nikiwa nimekaa mezani, chai mkononi, kwa sababu uongo ule ulichukua dakika nne na kuja nyumbani kungechukua siku nzima. Kazi yangu yote ni kuandika kile tu nilichokipima. Sijawahi kuvunja kanuni hiyo kwa mtu yeyote. Niliivunja kwa ajili yako, na si kwa upendo. Nilitaka kujipunguzia usumbufu.

Kuna jingine, la zamani. Unakumbuka nilipopata nafasi kwenye ile shule ya wasichana ukawa unakuja kunichukua na gari la mikate? Nilikuomba uegeshe kwenye kona ya posta, nikasema mlangoni kuna msongamano. Hakukuwa na msongamano. Ulisema "haya, mama", na ukaegesha pale miaka minne. Mwezi wa tatu uliposimama mbele ya wenzako ukajiita tapeli, nilikuacha konani tena.

Usingizi si mzuri, lakini hilo silisemi ili unihurumie.

Jana nilimwambia Bi Pargeter ukweli. Aliuliza, "Kwa hiyo mzee hakukuonyesha injini yoyote?" Nikasema hapana. Akasema, "Na ulimwacha aseme hivyo wiki kumi na moja?" Nikasema ndiyo. Hakunifukuza. Ameniondolea ruhusa ya kutia saini ripoti kwa mwaka mmoja; kila ninachopima kitasainiwa na mwenzangu, nikiwa nimesimama pembeni. Nimewaandikia pia wakaguzi, na klabu yako, na Cyril barua yake mwenyewe.

Sikuombi unijibu.

Mwanao,
Hester

*

Cleckheaton
30 Septemba 2012

Kwa Hester,

Salamu. Sisi wazima. Mama yako sasa anajua yote. Aliniita mjinga kwa siku tatu, kisha akakuita wewe mjinga kwa siku nne, kwa hiyo umenishinda.

Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikasirika. Si kwa ajili ya namba. Hata mimi nilimwamini muuzaji bila kufuta grisi. Nilikasirika kwamba nilikuomba uje, ukanitumia karatasi. Nilitaka ulione gari. Namba ilikuwa kisingizio. Sasa nimeshalisema, limetoka.

Cyril alikuja na barua yako mkononi. Alisimama mlangoni akasema, "Wilf, wewe ni mwongo mbaya sana, nilipaswa kujua." Tukafunga kichujio pamoja, yeye akitukana na mimi nikishika tochi. Tulitoa kabureta, tukaweka mfumo wa petroli wa mwaka 1994, kama chuma kinavyotaka. Wiki iliyopita moshi ulipimwa, ukapita. Bwana wa kalamu akasema angekuwa na pua ya mbwa bado asingeunusa.

Ila baada ya barua mbili kupingana, karatasi zetu hawaziamini tena. Gari limepewa namba ya usajili inayoanza na Q, inayopewa magari yasiyojulikana asili yake. Klabuni Q ni kama kovu usoni. Kibao chake nimekifunga mwenyewe, skrubu nne. Ufunguo wa kabati hawajaurudisha, na mimi sijauomba.

Serikali haijui gari hili lilianza lini. Mimi najua. Lilianza wiki ile uliponiambia habari ya msongamano. Nilidhani ukiwa na gari zuri la kukuchukua, labda. Hukuuliza, nami sikusema.

Jumamosi ijayo nitakuja nalo Coventry, mvua isiponyesha, maana paa halina. Keki ipo. Nitaegesha kwenye kona ya mtaa wako, kama zamani, nitakusubiri hapo.

Baba yako

*

Coventry
3 Oktoba 2012

Baba,

Shikamoo.

Egesha mlangoni. Nitakuwa nimesimama nje tangu saa tatu asubuhi, hata mvua ikinyesha. Njoo na tochi na kitambaa, niisome namba.

Mwanao,
Hester