Mlango wa Kijani na Mbwa wa Miguu Mitano

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu katika gazeti la wiki hii kama nafasi ipo, kwa sababu mjukuu wangu wa kike anaondoka Jumapili kwenda kuanza kazi katika mji mwingine, na mimi nina mkasi mfukoni, na tangu juzi nimeutoa na kuurudisha hadi binti yangu ameniuliza kama suruali inanibana.

Mimi ni mzee niliyeondoka kwetu nikiwa kijana, kwa haraka ambayo sitaieleza hapa, na nimekaa ugenini muda mrefu kiasi kwamba neno lenyewe "ugenini" sasa linanionea haya. Kazi yangu ilikuwa kusoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, yaani mimi ndiye niliyepitia kurasa kabla hazijachapwa, nikiwinda makosa, na nilikuwa hodari, sitaficha, na kosa lililonipita liliniharibia hata hamu ya kula. Nilipostaafu, mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, alichoka kuniona nikisahihisha maandishi ya makopo ya maziwa kwa kalamu nyekundu, akanitia sindano mkononi akasema, "Shika hii, mume wangu, upate kitu cha kukosoa kisicho na mwenyewe."

Nikashika, na sikujua kwamba mtu anaweza kupenda kitu kiasi hiki akiwa tayari ana mvi. Uzi ukipita kwenye kitambaa una sauti yake, ndogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto kwa uangalifu. Ninakaa karibu na dirisha la jikoni kwa sababu mwanga uko huko, na nyumba nzima inapita mbele yangu: binti yangu, ambaye ni nesi, akitafuta kiatu kimoja, mumewe, fundi friji, akila amesimama, mjukuu wangu mdogo wa kiume, tunayemwita Bwana Kwa Nini kwa sababu utakayoikisia mwenyewe, akiuliza kwa nini tundu la sindano halikutengenezwa kubwa, nami katikati ya kelele zote hizo nadarizi, na moyo wangu umetulia kama maji kwenye bilauri. Wazee wenzangu ninaocheza nao drafti waliniita Bi Harusi kwa muda, mpaka vifungo vyao vilipoanza kulegea, na sasa wananiita fundi na kunivulia mashati.

Kazi yangu kubwa ni kitambaa kimoja cha meza. Hatukutoka kwetu na picha hata moja, kwa hiyo nimeudarizi mtaa wetu wa zamani kutoka kichwani: duka la dawa lenye mizani dirishani, kinyozi na kiti chake cha kuzunguka, ngazi za saruji zilizovunjika pembe, na nyumba yetu ya ghorofa yenye mlango wa buluu. Marehemu alisema mlango ulikuwa wa kijani. Tulibishana juu ya mlango huo maisha yetu yote, hata wodini tulibishana, na sikumpa ushindi. Mlango wenyewe nimeushona na kuufumua mara nyingi kwa sababu bawaba hazikukaa sawa, kama nilivyozifumua ngazi na madirisha, maana kosa hata la uzi mmoja siwezi kuliacha lilale, ndiyo maana nyumbani jina langu ni Babu Fumua.

Kitambaa hiki nilimwahidi mjukuu wangu akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Alipopata kazi, alikuja akaegemea kiti changu.

"Babu, nitaondoka na kitambaa au nitaondoka na ahadi?"

"Na kitambaa."

"Ulisema hivyohivyo nilipoingia sekondari."

Nikapiga moyo konde, nikaapa kumaliza. Ndipo jicho likanikatalia. Lilikuwa na mtoto wa jicho kwa muda mrefu, nami nilijifanya ni vumbi la miwani, na lile jingine halijawahi kuwa na msaada mkubwa. Daktari alinifanyia upasuaji, akanipa miwani myeusi na amri ya kutoshika sindano mpaka atakaponiruhusu, na amri hiyo ilisimamiwa na binti yangu, ambaye akiwa na mgonjwa hana baba. Nikakaa sebuleni kila jioni, mjukuu wangu akinisomea magazeti, nikidhani ananionea huruma. Kumbe alikuwa mlinzi wa mlango, maana jikoni nilisikia minong'ono, na mkasi, na mara mkwe wangu akisema, "Nimejichoma tena."

"Mnafanya nini huko?" nikauliza.

"Tunachambua mchele, Baba."

Jioni iliyofuata mchele, na iliyofuata mchele tena, nikawa najiuliza familia hii inakula mchele kiasi gani.

Juzi nikaruhusiwa kuvua miwani. Binti yangu akakunjua kitambaa mezani, na hakikuwa na pengo hata moja. "Tumekumalizia, Baba. Jumapili mtoto aondoke nacho." Wakasimama wote ukutani kama wanafunzi wanaongoja matokeo, na mimi nikainama kutazama.

Mshauri, kiti cha kinyozi ni friji. Mkwe wangu amekishona kwa mikono iliyozoea spana, na kina mlango, na kina mpini. Mbele ya duka la dawa kuna mbwa, kazi ya Bwana Kwa Nini, na ana miguu mitano.

"Mbona mitano?"

"Huo wa tano ni mkia, Babu."

"Mkia unakanyaga chini?"

"Amechoka."

Na mlango wa nyumba yetu, nilioufumua mwenyewe kabla ya upasuaji ili niushone upya, binti yangu ameushona kwa rangi ya kijani, na anajua fika msimamo wangu, kwa sababu amekua akiusikia.

Nikasema asanteni. Lakini jicho jipya halina adabu, likaendelea kutazama, likafika juu, kwenye anga, ambalo sehemu yake kubwa nilikuwa nimeishona mimi mwenyewe kabla ya upasuaji, kwa uzi wa buluu, nikijivuna. Anga lile ni la zambarau, Mshauri, zambarau kabisa, kutoka pembe hadi pembe, na mahali mkono wangu ulipoishia na wao walipoanzia hapaonekani, kwa sababu nao wameendelea na zambarau ileile. Nikamwuliza mkwe wangu kama walikuwa wameliona.

"Tuliliona zamani, Mzee. Tulizunguka maduka mpaka tukapata uzi uleule."

"Na hamkuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Sasa naomba uniambie la kufanya. Nikifumua kinyozi, mbwa na mlango, sitawahi kuvishona tena kabla ya Jumapili, na mjukuu wangu ataondoka na ahadi. Nikiviacha, mtaa wetu, ambao hauko popote tena isipokuwa kichwani mwangu na kwenye kitambaa hicho, utatoka duniani na makosa, na siku nikiondoka hakuna atakayejua kwamba pale palikuwa na kiti na si friji. Silali vizuri. Binti yangu anautazama mfuko wangu.

Ni mimi, Babu Fumua

*

Mshauri anajibu:

Shikamoo, mzee wangu. Toa huo mkasi mfukoni, mpe binti yako, kisha rudi uendelee kusoma.

Ameupokea? Vizuri. Sikucheki. Mtaa mzima kukaa katika kichwa cha mtu mmoja ni mzigo, na kuogopa usipotee si ujinga wa uzee. Ungekuwa umeniandikia kuhusu hofu hiyo peke yake, ningekupa pole na kukuacha. Lakini umeniandikia kama mtu aliyeibiwa, na nilipomaliza kusoma barua yako nikamtafuta mwizi, nikaona nesi aliyetoka zamu na miguu imevimba, fundi anayejichoma vidole bila kuacha, na mtoto aliyekubali kuitwa mchambua mchele. Nyumba yako yote imekula njama dhidi yako, mzee wangu, na njama yenyewe ni kukufurahisha.

Unalalamika kuhusu friji. Naomba nikuulize: huyo mkwe wako angekijuaje kiti cha kinyozi katika mtaa ambao hajawahi kukanyaga? Ulimweleza lini? Miaka yote umekaa hapo dirishani na nyumba inapita mbele yako, wao wakaona mgongo wako na sindano. Uliwaonyesha kitambaa, mtaa hukuwapa. Umejitahidi mno kuutia kwenye uzi na umesahau kuutia masikioni mwao, na hilo ndilo kosa la pekee katika barua yako linalostahili kalamu nyekundu.

Nikija kwenye mlango, wewe unasema buluu. Sisemi macho yako ya ujana yalikuwa mabovu, ingawa anayeniambia habari za buluu ni mtu aliyeshona anga la zambarau akiapa ni buluu. Ninachosema ni kwamba mashahidi walikuwa wawili na mmoja hayupo tena kujitetea. Unadhani binti yako alikosa uzi wa buluu kwenye kikapu chako? Hakukosea rangi. Alikuwa anamshonea mama yake. Ukiufumua mlango ule, ujue unambishia nani.

Na usiniambie kwamba utafumua tu vya wenzako. Haki ni haki. Ukimgusa mbwa, utafumua na anga lote, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote kwenye kitambaa hicho ni lako, na wao walilijua, wakalihifadhi, wakalitafutia uzi dukani ili likae vizuri.

Basi fanya hivi. Kitambaa kipigwe pasi kwa upande wa nyuma, juu ya taulo, ili mishono isilale. Jumamosi kitandikwe mezani na mle juu yake, mle chakula chenye mchuzi, usiwaletee plastiki ya kufunikia. Mkishashiba, anzia pembe moja hadi nyingine, umwambie mjukuu wako kila kitu kilivyokuwa: mizani ilipima nini, ngazi ilivunjwa na nani, kinyozi alikuwa na domo kiasi gani. Friji hiyo ndiyo itakayomkumbusha kusimulia habari za kiti, kuliko kiti kilichoshonwa sawasawa ambacho hakuna mtu angekiulizia. Jumapili aondoke na vyote viwili, kitambaa na mtaa.

Na Jumatatu nunua kitambaa kipya. Safari hii shona mtaa mnaokaa sasa, wote pamoja tangu mwanzo. Huko sahihisha utakavyo, lakini sahihisha kabla sindano haijaingia. Ikishapita, kaa kimya.

*

Mzee ametuandikia tena, nasi tunachapa maneno yake kama yalivyofika:

Mpendwa Mshauri, mkasi ulikaa kwenye begi la kazi la binti yangu mpaka Jumapili, umefungwa bandeji kama mgonjwa.

Tulikula juu ya kitambaa. Bwana Kwa Nini alimwaga mchuzi kwenye ngazi za saruji, watu wote wakanitazama mimi, nami nikasogeza sahani yangu nikaomba chumvi. Kisha nikaanza pembeni, kama ulivyosema, na nilipofika kwa kinyozi nikawaeleza kwamba kiti kilikuwa na mpini ubavuni wa kukipandisha na kukishusha. Mkwe wangu akainama, akaweka kidole kinene juu ya friji yake.

"Basi si huu hapa, Mzee."

Nikatazama. Ulikuwa hapo, upande uleule. Sijawahi kuona mtu akila wali kwa majivuno namna hiyo.

Nilipofika kwenye nyumba yetu nikasema mbele ya wote kwamba mlango ulikuwa wa kijani. Binti yangu akainuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na chungu, akakaa huko kidogo, akarudi na kuniongezea nyama bila kuniuliza. Mimi bado nadhani ulikuwa wa buluu, lakini siku hizi nadhani kwa sauti ndogo.

Kitambaa kipya kimeshaanza. Mkwe wangu amepewa nguzo ya umeme na anaidai kila jioni, na Bwana Kwa Nini anachora kwanza kwa penseli, ananiletea, nahesabu miguu, nagonga mhuri. Wazee wa drafti wamekuja kutazama, na mmoja wao, aliyekuwa mwimbaji mkuu wa lile jina la Bi Harusi, ameomba sindano kwa siri. Nimempa ya tundu kubwa.

Jana mjukuu wangu akapiga simu. Kile kitambaa cha kwanza amekitandika chumbani kwake, na jirani yake, dada mmoja anayefanya kazi benki, alisimama mbele ya kitambaa muda mrefu, akauliza mtaa huu mzuri uko wapi, akaelezwa wote, mwanzo hadi mwisho, mpaka chai ikapoa. Mwishowe akauliza mbona mbwa ana miguu mitano.

"Ukamjibu nini?" nikasema.

"Nikamwambia huo wa tano ni mkia, amechoka. Nimesema sawa, Babu?"

Nikamwambia amesema sawa kabisa, sina la kusahihisha.