Madirisha Sita ya Darasa la Mtihani

Nyumbani,
2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya huko kwenye kambi ya ujenzi, na kwamba mgongo umepunguza ukorofi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Cherehani yake haipumziki tangu watu waanze kuagiza barakoa, na pazia la sebuleni limeshapunguzwa urefu mara mbili. Mdogo wangu naye anakusalimu, anasema ameota jino. Ukweli ni kwamba limeng'oka.

Tangu msimamizi wenu azuie watu kutoka kambini, na simu yako izame kwenye pipa la maji, tegemeo letu ni huyu dereva wa lori la saruji. Ameniambia barua yoyote anaianika kwanza kwenye dashibodi siku nzima ili jua liue vijidudu. Wino ukipauka, mlaumu yeye.

Sasa habari yenyewe. Ni mwezi wa tatu huu tangu shule zifungwe kwa ajili ya ugonjwa. Imetangazwa kwamba madarasa ya mtihani yanaweza kurudi, ila kamati ya kila shule iridhike kwanza kuwa mahali ni salama. Mwalimu mkuu ameomba mwanafunzi mmoja akatoe maoni ya wenzake mbele ya kamati, na nimechaguliwa mimi. Usicheke. Walisema nina mdomo.

Wenzangu wanataka niseme neno moja tu, fungueni, kisha nikae chini. Na mimi nataka kurudi kuliko wote, baba. Nimechoka kusoma jikoni huku naambiwa nitazame sufuria. Lakini niliona si vizuri kwenda kukisemea chumba ambacho sijakikagua. Nikachukua ile futi yako ya kukunja, nikamwomba mlinzi anifungulie darasa letu, nikapima. Tuko hamsini na wanne. Tukiachiana nafasi inayotakiwa tunaenea ishirini na saba, na huyo wa mwisho pua yake inagusa ubao. Wenzangu wamenipachika jina, sasa naitwa Bibi Futi.

Kilichonishangaza zaidi ni madirisha. Muda wote nimekaa mle nikidhani hatuyafungui kwa sababu ya vumbi. Kumbe hayafunguki. Yote sita yamepigiliwa kwa nje misumari mikubwa, kisha yakapakwa rangi juu yake, mpaka upapase ndipo unahisi vichwa. Mbao nzuri, fremu nzuri, halafu misumari. Wewe ndiye Fundi Mraba, mtaa mzima unajua kona zako hazina haja ya kupimwa. Hebu niambie, fundi gani hufanya kazi hivi? Nikimjua nitamtaja mbele ya kamati, maana ametuzibia hewa watu hamsini na wanne.

Na unieleze pia kama madirisha ya aina hiyo yanaweza kufunguliwa bila kubomoa ukuta. Kikao ni tarehe 4 Julai.

Binti yako mtiifu, mwenye mdomo


Nyumbani,
19 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Dereva amepita mara mbili na mara zote mbili amekuja mikono mitupu. Nimemuuliza kama unaumwa, akasema alikuona juu ya paa unapigilia kenchi. Nimemuuliza kama barua alikupa, akasema alikupa mkononi na ukaisoma ukiwa umesimama.

Mama anasema kazi zimekuzonga. Mimi naona ungekuwa umezongwa usingeisoma hapo hapo umesimama, ungeitia mfukoni. Kama nimesema neno baya, nisamehe, ila nijue ni lipi.

Huku wenzangu wameanza kuninunia. Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja ananiambia nikizidi kupimapima kamati itapata kisingizio, tutafungiwa mpaka mwakani. Nimemjibu kwamba nataka turudi na tubaki, si turudi wiki mbili kisha tufungwe tena tukiwa tumemzika mtu. Hajanisalimu tangu siku hiyo.

Binti yako


Kambini,
23 Juni

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, mgongo nao umekubali kufanya kazi mpaka saa nane. Msalimie mama yako, mwambie sabuni aliyonitumia imefika. Mdogo wako mwambie nimefurahi kwa jino lake, liwe limeota au limeng'oka.

Barua zako zote mbili nimezipata. Hukusema neno baya. Sikukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi, na bado sijui, kwa hiyo naanzia hapa: fundi unayemtafuta ni mimi.

Ni miaka tisa sasa, wewe ukiwa darasa la pili. Nilitengeneza madirisha yale mwenyewe, nikayasawazisha moja moja mpaka yakakaa. Nikachonga kwa patasi nafasi za bawaba kwenye kila fremu, mbilimbili, ili zikija iwe ni kufunga skrubu tu. Bawaba hazikuja. Mvua zikaanza. Mwalimu mkuu wa wakati ule akasema watoto wanalowa, fundi, pigilia kwa siku chache wakati tunasubiri. Nikapigilia. Kisha nikapaka rangi ili misumari isionekane, na hiyo hakuna aliyeniagiza. Niliona aibu nayo. Nikaitwa kazi nyingine, mwalimu akahamishwa, siku chache zikawa miaka tisa. Nikipita shuleni pale huwa natazama upande wa pili wa barabara.

Ulipouliza fundi gani hufanya kazi hivi, niliikunja barua nikaitia mfukoni, nikakosea vipimo vya mbao tatu mfululizo.

Nakuomba kitu kimoja. Kwenye kikao sema tu kwamba hayafunguki, usiseme nani wala kwa nini. Jina langu la kazi ndicho kitu pekee nilichowajengea. Nyumba tunayokaa, unajua mwenyewe, ni ya kupanga.

Baba yako


Nyumbani,
27 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Sote tuko salama, nashukuru kusikia na wewe uko salama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mama sijamwonyesha.

Kwanza nitoe lililo moyoni: sikuonei aibu. Maneno niliyoyaandika juu ya fundi yule yaliniuma nilipojua ni wewe, lakini wewe ulivyoniambia ukweli pasipo kulazimishwa na mtu, nimezidi kukupenda.

Ila nimekwama. Jana mwenyekiti wa kamati alikuja shuleni na mwalimu mkuu. Akagonga dirisha kwa kidole, akasema haya yalijengwa hivi hivi, ni ya kudumu, kuyafungua ni mpaka kuvunja ukuta. Kwa hiyo anaona njia ni mbili tu, tuingie kama palivyo au tusubiri mwakani. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na ndoo ya kunawia mikono, na moyoni nikisema bawaba zina nafasi zake tayari, mbilimbili. Nikauma ulimi. Nikisema, wataniuliza nimejuaje. Nikijibu sijui, nani ataamini maneno ya mwanafunzi na futi yake?

Mwalimu wetu wa hisabati unamjua, yule mwenye kisukari. Nilimkuta uwanjani siku hiyo hiyo. Nikamuuliza kama ataingia darasani wakifungua. Akasema ataingia, hewa iwepo isiwepo, kwa sababu hawezi kutuacha na milinganyo kichwani kama watu waliosahauliwa kituoni. Baba, yule akiingia kwenye chumba kilichozibwa, chenye watu hamsini na wanne, itakuwaje? Sisi tutakohoa tupone. Yeye sina hakika.

Mimi si wa kusema fungueni tu, wala si wa kusema subirini. Nataka tuingie nusu asubuhi na nusu mchana, maji na sabuni mlangoni, na madirisha sita wazi. Hayo mawili ya mwanzo naweza kuyatetea kwa mdomo wangu. La madirisha halitetewi pasipo wewe.

Jina lako ni lako, sitalitaja bila ruhusa. Lakini usiponiruhusu, sitakwenda kwenye kikao. Nitamwachia mwingine nafasi, kwa sababu siwezi kusimama pale nikasema nusu huku nikijua yote.

Naomba radhi kama nimevuka mpaka.

Binti yako


Kambini,
1 Julai

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Nimekukasirikia siku mbili, nisikufiche. Leo asubuhi nimeisoma tena barua yako, pale pa mwalimu wa hisabati.

Wasomee kamati barua yangu ile. Yote, na pale pa rangi usiparuke.

Mkikubaliwa kuyafungua, msianze kung'oa kwa pupa. Kwangueni rangi kwanza mpaka muone vichwa vya misumari. Mmoja akae ndani agonge ubao wa dirisha taratibu kwa kuzunguka, msumari utajitokeza wenyewe kidogo. Hapo ndipo mwingine aunase kwa makucha ya nyundo, akiweka kipande cha mbao chini ili fremu isichubuke. Nyundo yangu nzito iko uvunguni mwa kitanda, nyuma ya sanduku. Asiguse mdogo wako.

Dereva ananipigia honi. Nenda kikaoni, mama.

Baba yako


Nyumbani,
22 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Sisi wazima kabisa, na mimi nina malengelenge matatu kwenye kiganja ambayo namwonyesha kila mtu.

Nianze na kikao. Walikaa nje, chini ya kivuli cha jengo la ofisi, viti vimeachana, kila mtu na barakoa yake. Nyingi nilizitambua kwa kitambaa, ni pazia letu. Mwenyekiti akaeleza habari zake za kuvunja ukuta. Ikafika zamu yangu. Nikatoa vipimo, nikasema habari ya nusu asubuhi na nusu mchana, wakaitikia kwa kichwa. Kisha nikatoa barua yako. Nikawaambia imeandikwa na Fundi Mraba, baba yangu, nikasoma. Pale pa rangi nilikunywa maji kwanza, nikaendelea.

Mwenyekiti akavua miwani. Nesi wa zahanati, ambaye naye ni mjumbe, akaniuliza, "Na wewe mwenyewe, mwanangu, unataka kamati ifanye nini?" Nikamwambia nataka tuchelewe wiki mbili tuingie mahali penye hewa. Akauliza kama wenzangu wanakubali. Nikasema wengi hawakubali, wamenikasirikia, lakini walinituma nitoe maoni na haya ndiyo maoni niliyoyapata baada ya kupima. Basi karibu kila mtu akacheka, hata mwalimu mkuu.

Mwenyekiti hakucheka. Akasema tukang'oe dirisha moja, tuone kama fundi anasema kweli.

Tukaenda wote, nikawasomea maelekezo yako ya kung'oa. Nilikwangua rangi mwenyewe. Rafiki yangu aliyeninunia alikuwa amekuja kusikiliza; akaingia ndani bila kuambiwa, akaanza kugonga kama ulivyoeleza. Misumari ilikuwa minane na kila mmoja ulipiga kelele ukitoka. Ubao ukaachia. Na nafasi za bawaba zilikuwepo, baba, mbili, safi, kona zake zimekaa sawasawa miaka tisa chini ya rangi. Mwenyekiti akaingiza kidole gumba ndani yake, akaipapasa pole pole. Akasema, "Huyu ni fundi. Alikosea, lakini ni fundi." Nilitaka kulia na nilitaka kuringa. Nikaringa.

Kamati ikakubali, na bawaba zikaletwa wiki iliyofuata. Tumezifunga sisi, wasichana sita na wavulana watatu, na dirisha moja tu ndilo linalokwaruza, nalo ni langu. Jumatatu tuliingia, ishirini na saba. Mwalimu wa hisabati kavuta meza yake mpaka dirishani na anafundisha kutoka pale. Upepo unampeperushia karatasi na analalamika kila baada ya dakika tano. Hakuna aliyewahi kufurahi kama mimi kusikia mwalimu akilalamika.

Mama ameisoma barua yako baada ya kikao. Jioni ile aliniambia nipite naye njia ya shuleni, tukasimama upande wa madirisha.

Binti yako


Kambini,
30 Julai

Binti yangu,

Marahaba, marahaba tena. Mimi ni mzima na mgongo pia. Malengelenge yapake mafuta, yasipasuliwe.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya mafundi wenzangu wakati wa chakula cha mchana, nikiwaeleza na kisa chenyewe. Nilidhani watanicheka pale pa rangi. Fundi bomba, mtu aliyenizidi umri, akaweka sahani chini akasema naye ana choo kimoja mahali fulani ambacho huwa anazunguka mtaa asikione. Wengine wakaanza kutaja ya kwao. Tulichelewa kurudi kazini.

Najivunia wewe. Nimelifikiria neno hilo kabla ya kuliandika, nikaona linatosha. Nimejenga mengi ambayo watu wameyasifu, na sikuwahi kusifiwa kwa kitu nilichokikiri, mpaka sasa. Wewe ndiye umenisababishia.

Sasa sikiliza. Jumamosi msimamizi aliniletea plaiwudi nipigilie madirisha ya chumba tunacholala, maana vioo bado na vumbi limezidi. Kwa siku chache tu, akasema. Mle ndani tulikuwa tunalala kumi na wawili. Nikamwambia sipigilii, na tena naomba tugawanywe, wengine wahamie stoo. Akaniuliza ujeuri huu nimeufundishwa na nani uzeeni. Nikamwambia nimefundishwa na mwanafunzi wa darasa la mtihani, na kama ana swali amwandikie. Akaenda kuiegesha plaiwudi yake ukutani, kisha akatuletea ufunguo wa stoo.

Tangu Jumatatu tunalala sita sita, madirisha yako wazi. Vumbi linaingia mpaka masikioni. Kila asubuhi wenzangu wanakung'uta mablanketi wakinilaani kwa zamu, nami nawaambia malalamiko yote yapelekwe kwa binti yangu. Watatu tayari wameniomba anwani.

Baba yako