Sitini na Moja ya Mchana

Shemeji yangu Hassani,

Ni mwaka wa pili tangu tukuzike Ruponda, na bado nina maneno na wewe. Nilitaka kuyasema siku ya arobaini yako, nikaona haya mbele za watu.

Siku zile nilikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga, Nachingwea. Wewe, mume wa dada yangu Somoe, ulikuwa fundi wa karakana, kwenye banda la kupimia injini. Trekta langu lilikuwa limechoka. Asubuhi lilivuta visiki vizuri, mchana likifika kimlima cha Mkotokuyana linaguna na kusimama. Nikalileta kwenu mara mbili, na mara zote mbili likarudi na karatasi yenye mwandiko wako: injini nzima. Msimamizi akaniambia, “Kama mashine ni nzima, mgonjwa ni dereva. Likisimama tena, urudi kwenu Ruangwa ukalime mtama.”

Nikaanza kukuchunguza. Nilijua una binamu anayetafuta udereva. Nilijua pia kwamba siku hizo ukiniona unabadili njia, au mimi ndivyo nilivyoona.

Mara ya tatu nilisimama mlangoni pa banda, saa nane mchana. Injini ilinguruma, breki ya pipa la maji ikiishikilia isikimbie ili nguvu yake ipimike, na mshale wa kipimo ukatulia kwenye hamsini na tano. Injini nzima ilitakiwa ifike nguvu za farasi sitini. Ukatazama kipimajoto, ukafungua jedwali, ukaandika sitini na moja.

“Hassani! Hizo sita umezitoa wapi?”

Mafundi wote waligeuka. Wewe ulifuta mikono taratibu. “Shemeji, punguza sauti. Hapa kwetu juu, tena kwenye joto, hewa ni nyepesi. Injini inavuta hewa pungufu, inatoa nguvu pungufu. Hilo si kosa la injini. Jedwali linarudisha kilichopungua, ili injini ya mchana na ya asubuhi zipimwe kwa haki.”

“Na mlimani nipande na jedwali?”

Walicheka wote isipokuwa wewe.

Wiki nzima nilimwambia Somoe kwamba mumewe ni mwongo, afungashe arudi nyumbani. Aliacha kutwanga, akaniuliza, “Niache nyumba yangu kwa sababu ya trekta?”

Halafu ukaja mwenyewe kunichukua. Alfajiri, baridi bado ipo, tukapima tena injini ile ile mbele ya macho yangu. Mshale ukasimama hamsini na sita. Ukafungua jedwali, ukaongeza tatu: hamsini na tisa. Ukaitazama tena karatasi ya mchana. Nilidhani unatafuta uongo mwingine.

“Mchana ule sitini na moja, leo hamsini na tisa,” ulisema. “Zikishasahihishwa zinatakiwa zifanane. Kuna kitu hapa kinadanganya.”

Ukaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya chuma, pale kipimajoto kilipofungwa, karibu na bomba la moshi. Jua lilipopanda uliwasha injini tena na kuning'iniza kipimajoto kingine mahali injini inapovutia hewa. Havikulingana. Kile cha nguzoni kilikuwa kinapima joto la chuma na moshi, na kwa joto hilo la uongo jedwali liliongezea kila injini ya mchana nguvu isiyokuwepo. Kwa joto la kweli, trekta langu halikufika sitini.

Ulimpelekea msimamizi karatasi zako zote mwenyewe. Injini ikafunguliwa, ringi za pistoni zikakutwa zimekatika. Mimi nikabaki na kazi yangu. Wewe ukatolewa bandani, ukapelekwa kung'oa visiki, na mvua zilipoanza ukamchukua Somoe mkaenda kulima Ruponda.

Sasa sikia kinachonisumbua. Asiyejua hutafuta kwanza, lakini mkono wako ulikwenda kwenye nguzo ile bila kusita. Ulipita hapo kila siku. Ulijua tangu lini, shemeji? Nilikuja kwako Ruponda mara ngapi, ukanipa kiti kizuri, ukaniuliza habari za trekta, na mimi nikakutazama usoni nikitafuta jibu badala ya kukushukuru.

Juzi nilimfuata Somoe shambani nikamwuliza yeye. Aliegemea jembe.

“Siku ile ya kipimajoto alirudi hakula,” akasema. “Aliniambia, ‘Kaka yako alipolia sikumsikiliza, kwa sababu niliipenda hesabu yangu. Sasa kila karatasi niliyoandika mchana inabidi ipimwe upya.’ Hicho ndicho alichokijua, kaka. Na wewe mashtaka yako unayapeleka kwa nani sasa?”

Nilimwambia nimeamini, na nimeamini kweli. Lakini njia nzima ya kurudi Ruangwa moyo ulikuwa unaniuliza kama na yeye anakufichia siri.

Nisamehe la zamani, Hassani, na hili la juzi pia. Mungu akulaze pema.

Ni mimi shemeji yako,
kaka yake Somoe.